Kwa Nini Wapigaji Hodari wa Kriketi Hushindwa Ugenini

Wazee wetu walisema kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Maneno hayo yaufaa sana mchezo wa kriketi, ambao wengi wetu twaujua kwa kupita kando ya uwanja tu, au kwa habari za mwaka wa 2003, wakati timu ya Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kombe hilo huchezwa kwa mechi za siku moja. Liko shindano jingine refu zaidi, liitwalo Test, ambalo mechi yake moja yaweza kuendelea kwa siku tano, na ambalo Kenya haijapata kulicheza. Timu ya nchi moja husafiri mpaka nchi nyingine, ikakaa huko majuma mengi, na kucheza na wenyeji mechi mbili, tatu, au hata tano.

Katika safari hizo huonekana jambo la kustaajabisha. Mpigaji ambaye kwao huwatoa jasho watupaji wote, afikapo ugenini huonekana kama mtoto anayejifunza. Hakuugua, wala hakuzeeka njiani. Je, ustadi wake ameupoteza wapi?

KOSA MOJA TU

Kwanza yafaa tuifahamu kazi ya mpigaji. Yeye husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu, na mtupaji humrushia mpira mgumu uliofunikwa kwa ngozi. Kati ya vijiti vyake na vile vya upande wa pili pana ukanda wa ardhi wenye urefu wa mita 20 hivi, na kwa kawaida mpira hudunda juu ya ukanda huo kabla ya kumfikia. Akiupiga vema, yeye na mwenzake hukimbia kutoka upande huu mpaka upande ule, na kila safari huhesabiwa kuwa mkimbio mmoja. Lakini mpira ukiviangusha vijiti vyake, au akiugusa kwa gongo kisha ukadakwa kabla ya kuanguka chini, basi zamu yake imekwisha.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hiyo. Mtupaji akikosea, hurusha tena. Mpigaji akikosea mara moja tu, huenda akakaa siku nzima akiwatazama wenzake.

Zaidi ya hayo, mpira wa mtupaji mkali waweza kwenda kwa mwendo wa kilometa 140 kwa saa. Mpigaji hupata karibu nusu ya sekunde ya kuutazama, kuamua, na kupiga. Hana nafasi ya kufikiri. Mikono na miguu yake hufuata mazoea yaliyojengwa tangu utoto katika viwanja vya kwao. Ni kama dereva aliyezoea barabara ya lami, kisha akapelekwa ghafula kwenye udongo mweusi wakati wa masika. Anajua kuendesha, lakini mikono yake inageuza usukani kama inavyogeuzwa penye lami, na gari laingia mtaroni.

UDONGO, HEWA NA MPIRA

Nchi zinazocheza Test hazifanani kwa ardhi wala kwa hewa. Huko Australia ukanda huwa mgumu, hasa katika miji ya Perth na Brisbane, na mpira hudunda juu mpaka kifuani mwa mpigaji. Huko India ardhi mara nyingi huwa kavu, nayo hupasuka kadiri siku zinavyopita. Mpira uliozungushwa kwa vidole ukigusa vumbi hilo hugeuka upande. Huko Uingereza hewa huwa baridi, mawingu ni mengi, na ukanda huachiwa majani. Mpira hupinda hewani, tena huenda ukageuka baada ya kudunda.

Hata mpira wenyewe si mmoja. Uingereza hutumia mpira wa Dukes, ambao mshono wake umeinuka na kudumu. Australia hutumia Kookaburra, ambao mshono wake hulala upesi. Na India hutumia SG. Kwa hiyo mgeni hukuta ardhi nyingine, hewa nyingine, na mpira mwingine, yote kwa pamoja.

Mfano mmoja ni mechi iliyochezwa mjini Ahmedabad, India, mwezi wa Februari 2021. Timu ya Uingereza ilitolewa kwa mikimbio 112 katika zamu ya kwanza na 81 katika zamu ya pili, na mechi ya siku tano ikamalizika kwa siku mbili. Mtupaji Axar Patel aliwatoa wapigaji 11. Wengi wa Waingereza hao hawakushindwa na mipira iliyogeuka, bali na ile iliyonyooka. Walipoona mmoja umegeuka waliungojea mwingine ugeuke, nao ukapita moja kwa moja. Hata wenyeji walitolewa kwa 145 katika zamu yao ya kwanza, lakini mwishowe walishinda.

HABARI YA VIRAT KOHLI

Mtu anayetufundisha zaidi katika jambo hili ni Virat Kohli wa India. Mwaka wa 2014 alikwenda Uingereza akiwa kijana mwenye sifa kubwa. Katika mechi tano alipiga zamu kumi, na kwa jumla alipata mikimbio 134 tu. Zamu yake iliyo bora ilikuwa ya mikimbio 39, na mara mbili alitoka bila kupata hata mmoja. James Anderson, mtupaji wa Uingereza, alimtoa mara nne. Njia ilikuwa ile ile: mpira ulikuja karibu na vijiti, ukapinda kwenda nje, naye akanyosha gongo kuufuata kama alivyozoea kwao, ambako mpira haupindi kiasi hicho. Ulipogusa ukingo wa gongo, wadakaji walikuwa wakiungojea.

Lakini ugonjwa wa ugenini hauko mikononi peke yake. Mwaka wa 2021 Kohli alieleza kwamba katika safari ile alijiona mpweke kuliko watu wote, ingawa alizungukwa na wenzake. Jambo hili si dogo. Mpigaji aliyeshindwa kwao hurudi nyumbani jioni, akala chakula cha jamaa zake na kusahau. Mpigaji aliyeshindwa ugenini hurudi katika chumba cha hoteli, akalifikiria kosa lake usiku kucha, na asubuhi akakutana na watupaji wale wale.

Jonathan Trott wa Uingereza aliyaonja hayo. Katika safari ya Australia ya 2010 na 2011 alikuwa nguzo ya timu yake, akapata mikimbio 135 mjini Brisbane na 168 mjini Melbourne bila kutolewa. Aliporudi Brisbane mwezi wa Novemba 2013 alipata 10 na 9, na mara zote mbili alitolewa na Mitchell Johnson, aliyekuwa mkali mno. Baada ya mechi hiyo Trott alirudi kwao kwa sababu ya maradhi yaliyoletwa na uzito wa mawazo. Timu yake ilishindwa mechi zote tano za safari hiyo, na katika timu nzima Ben Stokes peke yake ndiye aliyefikisha mikimbio mia katika zamu moja.

ZAMANI NA SASA

Mtu aweza kuuliza: je, watu wa zamani hawakusafiri? Walisafiri, tena kwa meli. Lakini walipewa nafasi ya kujifunza. Mwaka wa 1948 timu ya Australia, chini ya kapteni Don Bradman, ilianza kucheza Uingereza tarehe 28 Aprili, mjini Worcester. Mechi ya kwanza ya Test ilianza tarehe 10 Juni. Kwa majuma sita wapigaji hao walicheza na timu za majimbo, wakaizoea baridi, wakayazoea majani ya ukanda, wakayafanya makosa yao mahali ambapo kosa halikuwa na gharama kubwa. Katika safari hiyo walicheza mechi 34, wala hawakushindwa hata moja.

Siku hizi ndege humfikisha mchezaji kwa siku moja, na kalenda imejaa. Mwaka wa 2018 India ilipokwenda Uingereza ilipangiwa mechi moja tu ya mazoezi na timu ya jimbo kabla ya Test, na hiyo nayo ikapunguzwa kutoka siku nne hadi tatu. Basi mgeni hujifunza ndani ya mtihani wenyewe.

KUVUNJA MAZOEA

Hata hivyo Kohli alionyesha kwamba ugonjwa huu una dawa. Baada ya 2014 alimwendea Sachin Tendulkar, mpigaji mkubwa aliyemtangulia, akashauriwa kupiga hatua kubwa mbele hata akikabiliwa na watupaji wakali. Aliyabadili mazoea yake tangu miguuni. Aliporudi Uingereza mwaka wa 2018 alisimama mbele kuliko zamani, ili aufikie mpira kabla haujapinda sana, na mipira ya nje aliiacha ipite. Katika mechi ya kwanza, mjini Birmingham, alipata 149 na 51. Bahati pia ilimsaidia, maana wadakaji waliuangusha mpira wake. Lakini kwa jumla alipata mikimbio 593 katika mechi tano, na Anderson hakumtoa hata mara moja.

Yafaa tuseme ukweli wote: India ilishindwa safari hiyo kwa mechi nne kwa moja. Katika zamu ile ya 149, mwenzake aliyemfuata kwa wingi alipata 26 tu. Mtu mmoja aliyejifunza hawezi kuwabeba kumi ambao bado wanaucheza mpira wa kwao.

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwa mpigaji wa kriketi maana yake ni kwamba ustadi wa nyumbani ni mwanzo tu wa safari, na kwamba hapana budi kuwa mwanafunzi tena hata kama umekwisha kuwa bingwa. Kwa wale wanaotuma timu, maana yake ni kwamba mchezaji anayepelekwa mbali anahitaji siku za kuizoea nchi na mtu wa kuzungumza naye jioni, sawa na anavyohitaji gongo zuri. Na sisi watazamaji, tusiwe wepesi kumdhihaki mtu aliyerudi na mikimbio michache. Huenda hakupungukiwa na bidii, bali na majuma sita.