Picha ya Skrini na Alama Zake

Wengi wetu siku hizi twatumia kompyuta, shuleni au kazini. Mara nyingi jambo hutukwama, nasi hutaka kumwuliza mwenzetu aliye mbali. Mtu huandika hivi: “Nilibofya kile kitufe cha juu, kikatokea kisanduku chenye maneno mekundu, sasa nifanyeje?” Mwenzake hajui ni kitufe kipi, wala ni kisanduku gani. Watajibizana jioni nzima, na mwisho wote wawili watachoka bure.

Dawa ya taabu hii ni kupiga picha ya skrini, kisha kutia alama mahali penye shida. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii yahitaji programu ya kununua. Sivyo. Vyombo vyake vimo tayari ndani ya kompyuta, wala havina malipo.

Kwanza tuelewe picha hiyo ni nini. Skrini ya kompyuta imejaa nukta ndogo sana za rangi. Skrini nyingi zina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Ukipiga picha ya skrini, kompyuta hunakili rangi ya kila nukta kama ilivyo. Ndiyo sababu picha hiyo huwa safi kuliko ile ipigwayo kwa simu mbele ya kioo, ambayo mara nyingi huwa na mng'ao na mistari.

Mwenye kompyuta ya Windows na abonyeze vitufe vitatu pamoja: kile chenye alama ya Windows, Shift, na herufi S. Skrini itafifia. Hapo avute kipanya kuzunguka sehemu aitakayo. Kitangazo kidogo kitatokea pembeni. Akikibofya, Snipping Tool itafunguka na kumpa kalamu na vyombo vingine. Chombo hiki kiliwekwa ndani ya Windows Vista mwaka 2007. Akitaka kuandika maneno au kuchora miraba juu ya picha, aweza kuibandika katika Paint kwa kubonyeza Ctrl na V. Paint ni mkongwe zaidi, kwani ilikuwamo katika Windows ya kwanza kabisa ya mwaka 1985.

Mwenye kompyuta ya Mac na abonyeze Shift, Command na tarakimu 4, avute kipanya vivyo hivyo. Picha ndogo itatokea chini upande wa kulia. Akiibofya ataona mishale, miraba na mahali pa kuandika. Tangu mwaka 2018, Shift, Command na tarakimu 5 huleta safu nzima ya vyombo hivyo vya kupigia picha.

Sasa, jinsi ya kutia alama. Kanuni ni chache, lakini zafaa kushikwa.

Kwanza, tia mshale mmoja tu kwa jambo moja. Picha yenye mishale minane ni sawa na watu minane wasemao kwa pamoja, hakuna asikiwaye.

Pili, kama mambo yafuatana, yatie namba 1, 2, 3, ili mwenzako ajue lipi latangulia.

Tatu, chagua rangi isiyofanana na ile iliyo chini yake. Mshale mwekundu juu ya maneno mekundu haumsaidii mtu.

Nne, kata sehemu isiyohitajiwa, lakini usikate mno. Acha jina la programu lililo juu, na namba ya kosa kama ipo, kwa maana hivyo ndivyo fundi avitafutavyo kwanza.

Tano, andika maneno mafupi: “Hapa panakataa tarehe yangu.” Yatosha.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni kuficha siri. Picha ya skrini huchukua kila kitu kilichopo: namba yako ya simu, namba ya mtihani, hesabu ya benki, hata ujumbe wa rafiki uliokuwa wazi pembeni. Basi wengine huchukua kalamu ya kukolezea, ile ipakayo maneno rangi, wakaifanya nyeusi na kupitisha juu ya namba zao. Rangi ya kalamu hiyo hupenyeza nuru. Jicho halioni kitu, lakini mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba zaweza kuonekana tena. Hata kuvuruga maneno yawe kama ukungu si kinga ya kutegemewa. Njia iliyo salama ni kuchora mraba uliojaa rangi nzito kabisa, kama Paint iwezavyo kufanya, kisha kuihifadhi kazi hiyo kuwa picha ya PNG au JPG. Mraba uliowekwa juu ya maneno ndani ya faili la PDF ni jambo jingine; mara nyingi maneno hubaki chini yake, na mtu aweza kuyanakili.

Hata kukata kulipata kuwa na hatari. Mwezi wa Machi 2023, Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro iliyokuwa katika chombo cha kuhariria picha cha simu za Google Pixel tangu mwaka 2018. Mtu alipokata picha, faili jipya liliandikwa juu ya lile la zamani, lakini mkia wa la zamani haukufutwa. Mfano wake ni mtu aandikaye sentensi fupi ubaoni juu ya sentensi ndefu, akafuta mwanzo tu na kuacha mwisho. Aliyejua njia aliweza kurudisha sehemu ya picha iliyokatwa. Kasoro hiyo iliitwa aCropalypse. Siku chache baadaye ilionekana ya kuwa Snipping Tool ya Windows 11, na Snip & Sketch ya Windows 10, zilikuwa na ugonjwa huo huo mtu alipokata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile. Makampuni yote mawili yalitengeneza vyombo vyao mwezi huo huo. Lakini picha zilizokwisha kutumwa kabla hazikutengenezeka.

Kwa hiyo tujifunze mambo matatu. Ikubalie kompyuta yako kupokea matengenezo mapya. Ukikata au kuficha kitu, hifadhi picha kwa jina jipya. Tena, funga kila kisichohusika kabla hujapiga picha, kwa maana siri isiyoingia katika picha haihitaji kufichwa.

Basi, msomaji, kabla ya kutuma picha yoyote itazame tena kutoka pembe hata pembe, uhakikishe ya kuwa mshale wako waonekana na siri yako haionekani. Maji yakimwagika hayazoleki.