Je, Wajua? Nusu saa yatosha mbwa aliyetupwa kupenda tena

Je, wajua kwamba mbwa mzima aliyetelekezwa anaweza kuanza kushikamana na mtu mpya kwa dakika 30 tu? Nchini Hungaria, Márta Gácsi na wenzake walifanya utafiti kwenye vituo vya mbwa wasio na wenyewe. Kila mbwa alikaa na mtu mmoja dakika 10, mara tatu: akapapaswa, akasemeshwa, wakacheza. Walipopimwa baadaye, kila mmoja wa mbwa hao alimtafuta mtu wake zaidi kuliko mgeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, nami naona yanawasuta wanaodai mbwa mkubwa hazoei tena.

Mtu naye hufaidika. Mwaka 2015, Miho Nagasawa na watafiti wenzake wa Japani waliwaweka mbwa na wamiliki wao chumbani kwa nusu saa, wakapima mkojo wao kabla na baada. Mbwa alipomtazama mmiliki wake machoni kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini ilipanda kwa wote wawili. Ndiyo homoni ileile inayomsaidia mama kujifungua, kunyonyesha na kumpenda mwanawe. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo.

Ukimwokota mbwa mtaani, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha usimkazie macho siku ya kwanza, maana mbwa mwoga ambaye hajakuzoea huona hilo ni tishio. Kaa karibu, ongea taratibu, mwache aje mwenyewe.