Ua lisilozaa, linalodumu kwa mbegu

Je, wajua kwamba Japani kuna maua yasiyoweza kutoa hata mbegu moja, na bado yamekuwa yakipandwa kwa mbegu tangu karne ya 19? Hayapandwi kwa vikonyo wala kwa mizizi. Baridi ikiingia mmea wote hufa, na kiangazi kinachofuata ua lile lile, lenye petali zile zile za ajabu, huchanua tena kwenye chungu cha mtu.

Mmea huo ni asagao, ambao wanabotania huuita Ipomoea nil. Ni ndugu wa kiazi kitamu; wote wamo katika jenasi moja. Mwenye tuta la matembele ameshauona undugu huo bila kuambiwa: ua la umbo la faneli, zambarau iliyofifia ukingoni na iliyokolea kooni, linalofunguka alfajiri na kusinyaa jua likishapanda. Ndugu mwingine hutambaa juu ya mchanga wa fukwe za pwani yetu, na mbegu zake huelea baharini hadi maji yazitupe pa kuotea. Mwingine tena, mwenye majani ya ncha tano, hufunika nyaya za uzio mijini. Asagao yenyewe kwa kawaida ina majani ya ncha tatu na shina linalojizungusha kwenye ufito kwa upande mmoja tu: ukilitazama kutoka juu, linakwenda kinyume cha mwendo wa saa.

Ilifika Japani karne ya 8 hivi kutoka China, na haikuletwa kwa ajili ya uzuri. Ilikuwa dawa, kwa kuwa mbegu zake huharisha vikali. Kwa karne nyingi watu waliijua zaidi kwa ua lake la buluu. Kisha, mwaka 1806, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Husimuliwa kwamba viwanja vilivyobaki wazi katika eneo la Shitaya vilishikwa na watunza bustani, wakaotesha asagao. Jirani hapo, Okachimachi, samurai wa ngazi ya chini ambao posho zao hazikuwatosha nao walijaza nyua zao vyungu. Mapenzi ya ua hili yalipanda mara mbili, kwanza kati ya 1804 na 1830, kisha kati ya 1848 na 1860. Maua yalishindanishwa na washindi wakapangwa kwenye karatasi za madaraja kama zile za wanamieleka wa sumo. Vitabu vya michoro ya rangi vilichapishwa pia, kikiwamo Asagao Sanjurokkasen cha mwaka 1854, chenye maua 36 yaliyochaguliwa.

Michoro hiyo inashangaza hata leo. Kuna ua lililochanika kuwa nyuzi, ua lililojikunja kuelekea nyuma, na ua lililojaa petali ndani ya petali hadi huwezi kuamini kwamba ni asagao. Kuna majani membamba mno, na mengine yaliyojikunja. Nayo si chumvi ya mchoraji, kwa sababu mimea ya namna hiyo ingali inapandwa Japani, na ninaamini ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za mikono ya watu wasiokuwa na maabara.

Ugumu uko hapa. Katika ua lililojaa petali kupita kiasi, petali za ziada hazikutoka hewani. Ni stameni na pistili zilizogeuka. Jeni inayouambia mmea "hapa tengeneza viungo vya uzazi" imeharibika, na mmea unatengeneza petali tena mahali pale. Kwa hiyo hakuna chavua wala ovari. Ua linaloshinda shindano ndilo linalokufa bila mzao.

Basi linarudi vipi? Linarudi kupitia ndugu zake wasio na sura. Jeni hiyo iliyoharibika haionekani mpaka mmea uipate mara mbili, upande wa chavua na upande wa yai. Mmea ulioipata mara moja tu una ua la kawaida kabisa na unazaa vizuri, lakini umeibeba siri ndani kama noti iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Mmea huo ukijichavusha, mtoto mmoja kati ya wanne atatoka na ua la ajabu. Zikihitajika jeni mbili za namna hiyo kwa pamoja, moja ya kuchana petali na moja ya kuzizidisha, ni mmoja kati ya 16. Zikiwa tatu, ni mmoja kati ya 64.

Watunza bustani wa Edo hawakujua neno jeni. Gregor Mendel, aliyegundua kanuni hizo za urithi, aliwasilisha matokeo yake ya njegere mwaka 1865, yakachapishwa 1866, na dunia ikayasahau hadi 1900. Lakini kabla ya hapo, Edo, watu walishajua la kufanya. Walivuna mbegu za kila mmea wa kawaida peke yake, wakaziandika, na mwaka uliofuata wakatazama ni mama yupi amezaa watoto wa ajabu. Mbegu za mama huyo ndizo zilizotunzwa. Walijifunza pia kusoma mche ungali mchanga: umbo na rangi ya majani mawili ya kwanza huonyesha mapema nani atatoa ua la kuonyeshwa, nani huenda ni mlezi wa ukoo.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja, na hapo ndipo kubadilishana mbegu kunapokuwa zaidi ya ukarimu. Panya wakiingia ghalani mwa mmoja, mvua ikioza miche yake, au akikosea kuchagua mama, ukoo umekatika kwake. Ukirudi, utarudi kutoka kwa yule aliyempa mbegu miaka iliyopita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ardhi ilihitajika kwa chakula, na koo nyingi za asagao zikapotea. Ukoo uliokuwa zaidi ya mahali pamoja ndio uliokuwa na nafasi nzuri ya kusalia. Leo hazina kubwa ya mbegu hizo iko Chuo Kikuu cha Kyushu, na vyama vya wapenzi wa asagao bado hupanda na kupeana.

Mabadiliko yenyewe yalitoka wapi, mengi hivyo, katika mmea mmoja? Ndani ya DNA ya asagao kuna vipande vinavyohama, vya familia iitwayo Tpn1. Kipande kikitua katikati ya jeni, jeni hiyo hunyamaza. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walionyesha kwamba asagao yenye madoa hutokana na kipande kilichoingia kwenye jeni ya rangi: ua linakuwa jeupe, lakini kila kipande kinapotoka tena katika seli moja, wazao wa seli hiyo hurudisha rangi. Kikitoka mapema unaona mlia mpana, na kikichelewa unaona kidoa. Jenomu nzima ilisomwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2016, ikiwa na herufi takriban milioni 750 katika jozi 15 za kromosomu. Ili kupanga kwa mfuatano vipande vya jenomu walivyosoma, watafiti walichanganya uzazi wa asagao ya Tokyo na asagao ya ukoo unaojulikana kama Afrika, wakasoma DNA ya wajukuu.

Kwa mwenye bustani ya nyumbani, asagao ina sifa moja nzuri mno. Ua likikaribia kufunguka, stameni hurefuka na kupita kando ya ncha ya pistili, zikiipaka chavua. Linajichavusha lenyewe kabla nyuki hajaamka. Ndiyo maana mbegu uliyopewa na jirani kwa kawaida itafanana na ua uliloliona kwake, bila haja ya kufunika maua kwa mifuko. Ndugu yake Ipomoea purpurea ni tofauti. Huyo hutembelewa sana na nyuki, na ukipanda rangi mbili karibu karibu, tarajia rangi ya tatu.

Mbegu hukaa hadi sita katika tumba moja, nyeusi au za kahawia, na ganda lake ni gumu. Likwangue kwa msasa au tupa upande wa mgongo, mbali na kile kikovu cha mbegu, kisha iloweke usiku mmoja. Iliyovimba ipande, isiyovimba ikwangue tena. Iweke penye jua na uipe ufito mapema, kwa sababu shina likikosa pa kushika litajisokota na majirani zake. Samadi isizidi, la sivyo utavuna majani.

Tena chunga taa. Asagao hupima usiku. Katika ukoo wa maabara uitwao Violet, usiku mmoja tu wa saa 16 huutosha mche wenye majani mawili kuamua kuchanua, na mwanga wa dakika chache katikati ya giza unaweza kuufuta uamuzi huo. Usiku wetu karibu na ikweta, wa saa 12 hivi mwaka mzima, unaifaa, na mmea huweza kuchanua ukiwa mfupi bado. Ila ukiupanda chini ya taa ya ulinzi inayowaka hadi asubuhi, unaweza kungoja maua yasije. Kufunguka nako kunahesabiwa tangu jua lilipozama, takriban saa 10 baada ya giza kuingia. Jua likitua saa 12 na nusu jioni, petali zitakuwa zinajikunjua saa 10 na nusu alfajiri, taa ya asubuhi haijawashwa. Hazinyauki kwa joto peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walieleza jeni waliyoiita EPHEMERAL1, inayoamuru petali zife. Walipoizuia, ua lilidumu karibu mara mbili.

Mbegu unazobadilishana zikiwa za Ipomoea tricolor, hasa aina iitwayo Heavenly Blue, kuna jambo la kuamkia mapema. Ua lake kabla halijafunguka lina rangi ya zambarau nyekundu, na likishafunguka ni buluu ya mbinguni. Rangi yenyewe, anthosianini, ni ile ile. Kinachobadilika ni utomvu ulio ndani ya seli za petali: pH yake hupanda kutoka 6.6 hivi hadi 7.7. Katika asagao, jeni inayofanya kazi hiyo ikiharibika, ua hubaki zambarau. Watoto wanaweza kujionea nguvu ya pH wenyewe. Ponda maua yaliyonyauka ndani ya maji, gawa katika vikombe viwili, kamulia ndimu kimoja na utie magadi kidogo kingine.

Lakini watoto hao wasiachwe na mbegu. Za asagao huharisha, na za Ipomoea tricolor zina sumu za jamii ya ergoti zinazovuruga akili, zinazotengenezwa na kuvu anayeishi na mmea huo na kurithishwa kupitia mbegu. Wala usipande mimea hii karibu na shamba la viazi vitamu. Undugu wao una gharama: nzi weupe na virusi vya kiazi huhamia kwa urahisi, na ndugu mmoja, Ipomoea setosa, anaugua virusi hivyo waziwazi kiasi kwamba mafundi hupandikiza kikonyo cha kiazi juu yake ili kupima kama ni kizima. Vuna pia matumba kabla hayajapasuka, mmea usije ukajisambaza. Huko Marekani jamaa za mmea huu ni magugu sugu ya mashamba ya pamba na soya. Na mbegu zinazovuka mpaka zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Kenya ofisi yake ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA.

Sasa mbegu za kumpa mwenzako. Ikiwa ua lako ni la kawaida, tumba moja lililokauka vizuri linatosha. Ikiwa ni la ukoo usiozaa, usimpe mbegu za mmea mmoja. Kati ya ndugu watatu wenye sura ya kawaida, kwa wastani wawili wamebeba ile jeni na mmoja hana, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ukichuma kwa mmoja tu, kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba umempa bahasha ya asagao za kawaida, na ukoo umekwisha kwake kabla hajachimba shimo. Chuma kwa watano, na nafasi ya kukosa wote inashuka hadi moja kati ya 243. Ziwe bahasha tano, zisichanganywe, kila moja na namba ya mama yake, jina la ukoo, mwaka wa mavuno, na neno moja juu ya watoto waliotokea mwaka huu.