777 si Dawa

Skripti ya kuandaa mashine pepe ikikwama kwa kunyimwa ruhusa, wengi hukimbilia chmod 777, yaani kila mtu asome, aandike na kuendesha apendavyo. Hapo wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Mara nyingi ruhusa zimetosha; kasoro iko kwa mtumiaji aliyetoa amri. Chukua Vagrant, programu ya kuandaa mashine pepe aliyoianzisha Mitchell Hashimoto mwaka 2010. Usipoiagiza vingine, huendesha skripti za maandalizi kama root, mkuu wa mfumo. Basi faili lililoundwa na skripti hiyo huwa mali ya root, hata likiwa ndani ya /home/vagrant. Maandalizi yanakwisha salama, kisha mtumiaji vagrant anaingia na kushindwa kuandika nyumbani kwake mwenyewe! Upande wa pili, mtumiaji wa kawaida anaandika sudo echo na kuelekeza matokeo kwa alama ya > hadi faili lililomo /etc, naye anakataliwa. Sudo haina kosa. Alama ile hushughulikiwa na sheli, na sheli hulifungua faili kwa jina la mtumiaji yule yule kabla sudo haijaanza kazi; ndiyo maana mafundi hupitishia maandishi kwenye sudo tee.

Atatokea wa kusema mashine pepe ni ya kutupwa, ya nini kuhangaika? Mashine hufutwa kweli, ila skripti hubaki, na kesho itanakiliwa kwenye seva yenye wateja. Tena 777 huleta hitilafu papo hapo: SSH hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine, na Ansible, chombo kingine cha maandalizi, hulipuuza faili lake la mipangilio, ansible.cfg, likiwa kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuiandikia.

Hoja nzito zaidi ni ya folda za VirtualBox zinazoshirikiwa kati ya kompyuta na mashine pepe, ambako chmod haibadilishi kitu. Je, hapo si ruhusa zimepungua? Hapana. Mmiliki na ruhusa za folda hizo hupangwa wakati wa kuzipachika, kwa hiyo marekebisho yake yamo kwenye mipangilio ya Vagrant: owner, group, dmode na fmode. Kiini cha Linux nacho hulinganisha namba za watumiaji wala hakijui majina. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu kwa kawaida ni 1000, wa macOS ni 501, hivyo jina lile lile laweza kuwa na namba tofauti kila upande. Kabla ya kugusa chmod, amri ya id itaonyesha namba ya anayeendesha skripti, na ls -ln namba ya mwenye faili.