Kaza Nati za Mkokoteni Kabla ya Kufunga Nira



Zamani mzigo wa kutoka Tabora kwenda Ujiji ulikwenda kichwani na mabegani. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo njiani. Leo mkokoteni wako unatoka kisimani na mapipa mawili ya lita 200. Maji peke yake ni kilo 400, na kila gurudumu limeshikwa na nati nne au tano tu. Gurudumu likichomoka, mkokoteni unalala upande, nira inawapinda maksai shingo, na mtoto anayetembea pembeni ndiye wa kwanza kuangukiwa.

Mikokoteni yetu mingi imeundwa kwa ekseli, rimu na matairi ya magari chakavu. Si vibaya, ila vifaa vilivyotoka magari tofauti lazima vikubaliane.

Soma ubavu wa tairi. Likiandikwa 185/70R14, hiyo 14 ni inchi za rimu yake. Tairi la 14 ni la rimu ya 14, basi. Usimruhusu fundi alilazimishe kwenye rimu nyingine kwa kujaza upepo mwingi; likipasuka linaua. Namba inayofuata ni ya uzito: 82 maana yake kilo 475, 88 ni kilo 560, kwa tairi zima lenye upepo wa kutosha. La kwako limechakaa, kwa hiyo pakia pungufu. Matairi yote mawili yawe ya kipimo kimoja, la sivyo mkokoteni utavutia upande na maksai mmoja atachoka kabla ya mwenzake.

Halafu matundu. Rimu ya RAV4 na ya Land Rover ya zamani zote zina matundu matano, lakini duara la matundu ni milimita 114.3 kwa ya kwanza na 165.1 kwa ya pili. Hizo huwezi kuzichanganya hata ukitaka. Hatari ni zile zinazokaribiana: rimu inaingia kwa kugongwa nyundo, au nati tatu zinashika na ya nne inakataa. Hiyo irudishe ulikoinunua.

Sasa kukaza. Kwanza futa tope, kutu na rangi iliyovimba mahali rimu inapogusana na kitovu cha gurudumu. Uchafu huo ukisagika njiani, nati zinabaki zimelegea. Bolti ziwe kavu. Ukizipaka oili utazikaza kupita kiasi, zivutike na kukatika. Upande wa nati uliochongoka uelekee rimu. Zungusha zote kwa mkono kwanza, gurudumu likiwa juu ya jeki au gogo imara. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka: ukimaliza moja, nenda ya upande wa pili. Zikiwa tano, ruka moja kila mara. Ukizifuata kwa mzunguko, rimu itakaa upande.

Shusha gurudumu, ukaze mara ya mwisho. Kwa bolti za gari dogo, za milimita 12, nguvu inayotosha ni kama uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikining'inia kwenye mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita. Mikono inatosha. Vijana wanaopanda juu ya spana na kurukaruka ndio wanaotuachia bolti zilizokatika. Tela la trekta lina bolti nene zaidi. Fuata kipimo cha mtengenezaji wake.

Baada ya safari ya kwanza kaza tena, maana rimu hujikalisha. Kwenye njia za mashimo za Uyui na Kaliua, zipitie kila asubuhi. Ukiona mstari wa kutu ukitoka chini ya nati, au chuma king'aavyo kuizunguka, ilikuwa ikicheza. Tundu likishakuwa na umbo la yai, kulichomelea hakusaidii. Badilisha rimu, na mpaka uipate, maji yaletwe kwa punda na madumu.