Utoro na Bomba la Kukaushia: Istilahi za Maji ya Ziada Bwawani

Mfasiri wa mwongozo wa ufugaji wa samaki hukutana mapema na sehemu mbili ambazo ni rahisi kuziita kwa jina moja. Ya kwanza huondoa maji yaliyozidi kipimo, nayo hufanya kazi yenyewe bila kuguswa. Ya pili hukausha bwawa siku ya kuvua, nayo haifanyi kazi ila kwa mkono wa mfugaji. Jina "bomba la kutolea maji" laweza kubeba maana zote mbili, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tuchukue mfano wa Tindiga, wilayani Kilosa, nchi ya bondeni yenye mashamba ya mpunga na ardhi inayotuamisha maji. Mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010, yaliharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Bwawa dogo la nyumbani haliwezi kushindana na mto. Lakini mvua inayoliangukia laweza kuimudu. Bwawa la meta 10 kwa 15 likipata mvua ya milimeta 50 huongezewa lita 7,500. Tukiacha maji yanayonywewa na ardhi na jua, mvua sita za namna hiyo hujaza nafasi ya sentimeta 30 iliyoachwa chini ya kilele cha tuta. Kisha maji hupita juu, hukata udongo, na perege huondoka nayo.

Sasa mfugaji akisoma, "Wakati wa mvua, bomba la kutolea maji liwe wazi," afanye nini? Aliyeelewa bomba la chini atalifungua, na asubuhi atakuta matope matupu.

Kwa sehemu ya kwanza twapendekeza neno "utoro", ambalo wahandisi wa mabwawa nchini wamekwisha kulizoea. Msomaji wa kawaida atakumbuka kwanza mwanafunzi mtoro. Hilo si kasoro, kwani maji haya nayo huondoka bila kuagizwa. Mafundi wa matangi husema "ovaflo", nalo lieleweke hivyo, ingawa halitaji kazi inayofanyika. Sehemu ya pili na iitwe "bomba la kukaushia".

Tofauti nyingine yahusu umbo. Utoro waweza kuwa mdomo wazi uliokatwa katika tuta na kujengewa mawe, au bomba lililopitishwa ndani ya tuta. Kina cha maji juu ya mdomo kikiongezeka mara mbili, maji yapitayo huongezeka kama mara 2.8. Bomba lililokwisha kuzama halina ukarimu huo: kina juu yake kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka kama mara 1.4 tu. Kwa hiyo mfasiri asiandike "bomba" pale mwandishi alipokusudia "mdomo".

Kuna pia bomba lenye kiwiko kinachogeuka. Likisimama, ncha yake hushika kipimo cha maji, nalo ni utoro. Likilazwa, hukausha bwawa. Hapa kifaa ni kimoja na kazi ni mbili. Maelezo yataje kazi: "simamisha bomba liwe utoro", "laza bomba kukausha".

Istilahi hizi zafaa hata kwa tangi la kioo la samaki wa mapambo, ambamo pampu hupandisha maji kutoka tangi la chini nayo hurudi kwa utoro. Mpango wa kuaminika huwa na mabomba matatu: la kwanza hujaa maji bila hewa, na vali hupima mwendo wake, la pili hupokea mchirizi mdogo uliobaki, la tatu hukaa kavu, likingoja la kwanza lizibwe na jani au konokono. Tunaweza kuyaita "bomba la mjao", "bomba la mchirizi" na "bomba la dharura". Tangi la chini nalo liachiwe nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka umeme ukikatika.

Walimu na maofisa wanaoandaa miongozo wanaombwa kuyajaribu maneno haya mbele ya wafugaji kabla ya kuyapiga chapa. Msomaji akionyesha kwa kidole sehemu iliyokusudiwa, neno limefaulu. Akionyesha nyingine, libadilishwe kabla ya masika.