Kiwavi wa mlimau hana sumu: usikimbilie dawa

Mvua zinaponyesha na milimau kuchipua, mkaazi wa Wadi ya Airport mwenye mti mmoja uani huenda akakuta majani machanga yameliwa, vijiti vimebaki vitupu. Kabla ya kununua dawa, mjue kwanza anayekula.

Huyo ni kiwavi wa kipepeo anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus. Kipepeo mwenyewe ni mkubwa. Mbawa zikikunjuliwa hufikia takriban sentimita 10. Ni mweusi mwenye madoadoa ya manjano hafifu, na kila bawa la nyuma lina alama za rangi nyekundu na buluu mfano wa jicho. Jamaa zake wengi wana mikia mbawani kama ya mbayuwayu, yeye hana.

Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe, ukamdhania kinyesi cha ndege, na hivyo ndivyo anavyowakwepa ndege. Akikua huwa kijani kama jani. Ukimgusa hutoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Watoto hushtuka, lakini pembe hizo hazichomi wala haziwashi. Ni za kufukuza maadui.

Kipepeo huyu yuko karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska na kusini mwa Bara Arabu. Milimau na michungwa asili yake ni Asia. Kabla haijaletwa, alikula miti ya porini ya jamii hiyo. Ndiyo maana hata mjini, penye mndimu hakosekani.

Kwa jirani zetu wa Kilifi, viwavi wa vipepeo ni riziki. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede hununua pupa kutoka kwa wakaazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauza ng'ambo kwa maonyesho.

Ufanye nini basi?

- Mti mkubwa uache, utachipua tena.
- Mche ukague kila baada ya siku mbili tatu, kwani viwavi wachache wanaweza kuumaliza majani. Waokote kwa mkono, uwahamishie mti mkubwa.
- Dawa huua pia nyuki wanaochavusha maua, na huweza kubaki kwenye ndimu unazokula. Ikibidi kunyunyiza, pata kwanza ushauri wa afisa wa kilimo wa eneo lako.